Matumizi ya Jikoni Mpaka Mwisho wa Mwezi



Mshahara hupokewa mara moja kwa mwezi, lakini wengi wetu hununua chakula kila jioni kwa kipimo kidogo. Hapo ndipo fedha zinapopotea. Gunia la mahindi la kilo 90 hutoa gorogoro 45 hivi. Nyumba nne zikichanga na kuligawana, kila moja hupata 11 na ushei, na faida ya mchuuzi hubaki kwao. Yakaguliwe kwanza, kwa maana mahindi yenye ukungu ni sumu. Maharagwe nayo yalowekwe usiku kucha, ili makaa yatumike machache.

Sasa nyama. Soko la Burma lasifika kwa nyama, nasi wanaume twapenda kuonekana pale siku ya mshahara. Wazee mniwie radhi: kilo tatu zinazoliwa Jumamosi moja zingetosha mchuzi wa Jumamosi tatu. Juma la nne mama hukopa dukani, na mtoto huenda shuleni kwa chai kavu.

Naomba mkutano huu uamue kwamba mchango wa gunia uanze mwezi ujao, na kila bwana akabidhi fedha za chakula nyumbani kabla hajafika Burma.