Juu ya Wale Tuwaitao Watoro

Ndugu zangu, na ninyi waalimu, nataka kusema nanyi juu ya neno moja lililoandikwa miaka mingi katika madaftari ya kifua kikuu, nalo ni "mtoro". Ndilo jina alilopewa mgonjwa aliyeacha dawa kabla ya siku zake kutimia. Neno hili lahukumu kabla ya kuuliza.

Kifua kikuu sugu ni kile ambacho vijidudu vyake havifi kwa isoniazidi na rifampisini, dawa mbili zilizo nguzo ya matibabu. Wengine hukipata kwa kuwa matibabu yao ya kwanza yalikatika au hayakutosha. Lakini wengi huambukizwa vijidudu vilivyokwisha kuwa sugu, wala hawakuacha kidonge hata kimoja. Hao nao tukiwaita watoro, twawasingizia.

Katika Tanzania matibabu yake yalianza mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, na kwa miaka kadhaa watu wa nchi nzima walipelekwa huko. Mtu wa Kigoma au Mtwara aliacha shamba na watoto. Dawa zilidumu miezi 20 hivi au zaidi. Miezi ya kwanza alichomwa sindano, nazo ziliwaziba wengine masikio, wasisikie tena maisha yao yote. Basi mtu huyo akirudi kwao kabla ya wakati, ametoroka nini? Mimi nasema njia ndiyo iliyomshinda.

Sasa njia imefupika. Kipimo cha GeneXpert, kilichokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, chaonyesha usugu wa rifampisini kwa kadiri ya saa 2, ambapo zamani watu walingoja majuma mengi. Tena mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza vidonge vya miezi 6, pasipo sindano, kwa wagonjwa wengi wenye miaka 14 na zaidi. Duniani, katika walioanza matibabu mwaka 2012, nusu tu walifaulu. Wa mwaka 2021 walikuwa 68 katika kila 100.

Wale 32 je? UKIMWI, kisukari, pombe na kuchelewa kupimwa vimo, kila kimoja na sehemu yake. Ila juu ya njaa nitakawia kidogo. Vidonge vikiingia katika tumbo tupu, moyo huchafuka. Mwezi wa pili kikohozi kimekwisha, nguvu zimerudi, na nauli ya kwenda zahanati yatosha kununua unga wa nyumba nzima. Hapo ndipo wengi hukatika. Mwingine hupata ganzi miguuni kwa ajili ya linezolidi, akadhani dawa yamwua, akanyamaza kwa haya. Kumbe daktari angaliweza kupunguza kipimo lau angaliambiwa. Na haya hiyo twaileta sisi, tumtengeapo kikombe, ingawa ugonjwa huu huenea kwa hewa, si kwa vyombo.

Mwaka 2013 shirika lile liliacha neno la utoro, likaandika "aliyepotea", na aliyepotea hutafutwa. Waalimu, ninyi mwajua mapema ni mtoto gani ambaye mzazi wake ameanza dawa. Watu wote wa nyumba hiyo wapimwe. Mgonjwa asipoonekana zahanati, aendewe juma lilo hilo, aulizwe amekula nini, na kama miguu yamwuma.