Vitabu vya Samaki wa Vilindini: Wapi Pa Kuvipata na Namna ya Kuvisoma

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa kamati za elimu za vyama vya msingi vya wavuvi)



Mvuvi wa pwani ya Afrika ya Mashariki huwajua samaki wa mwambani kwa majina yao: chewa, changu, pono, tasi. Ujuzi huo ameurithi kwa wazee wake. Lakini jarife likitegwa kilindini, mita 100 au zaidi kwenda chini, huweza kupanda na samaki ambao hata wazee hawana jina la kuwaita. Hapo ndipo kitabu kinapohitajika.

Haja hiyo si ya anasa. Mwaka 2003 silikanti alinaswa Songo Mnara, Wilaya ya Kilwa, na kuanzia mwaka 2004 wengine wengi walinaswa katika majarife ya Tanga. Wataalamu walidhani samaki huyo alikwisha toweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Biashara yake baina ya mataifa imepigwa marufuku.

Yuko na mwingine. Huko Komoro silikanti hunaswa kwa bahati mbaya na mishipi ya wavuvi wanaomtafuta samaki wa vilindini ambaye vitabu humwita Ruvettus pretiosus. Nyama yake ni nyeupe na tamu, lakini mafuta yake ni ya namna ya nta, wala tumbo la binadamu haliwezi kuyasaga. Mlaji akizidisha, huharisha. Chama kitakachomwuza samaki huyo bila kumwonya mnunuzi kitapoteza heshima yake sokoni.

Basi vitabu vipatikane wapi? Cha kwanza ni mwongozo wa kutambua samaki wa Tanzania ulioandikwa na G. Bianchi na kutolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 1985. Kenya nayo ina mwongozo wa namna hiyo uliotolewa na FAO mwaka 2012. Mwaka 2022 taasisi ya utafiti wa samaki ya Afrika Kusini ilitoa juzuu tano juu ya samaki wa pwani za magharibi ya Bahari ya Hindi, nazo husomwa bure kwenye intaneti. Ieleweke kwamba juzuu hizo huhusu hasa samaki waishio mpaka kina cha mita 200. Kwa walio chini zaidi, itafutwe taarifa ya meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen, iliyochunguza bahari ya Tanzania mwaka 1982 na 1983 hadi kina cha mita 500. Hazina ya FishBase, iliyomo katika intaneti, huonyesha picha, kina na majina ya samaki, yakiwemo baadhi ya majina ya Kiswahili.

Vingi kati ya vitabu hivi vimeandikwa kwa Kiingereza. Hilo lisimkatishe mtu tamaa. Mchoro hauna lugha, na tarakimu za kina na urefu husomeka kwa kila ajuaye kuhesabu. Kijana mmoja aliyemaliza sekondari aweza kuwasomea wenzake jioni moja kwa juma, na wavuvi wakamsahihisha kwa yale waliyoyaona kwa macho.

Lakini msomaji na awe mwangalifu kwa mambo mawili. La kwanza ni kipimo. Picha za samaki wa gizani, wenye meno kama sindano na taa kichwani, hutisha. Kumbe wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Asiyetazama urefu ulioandikwa chini ya picha atawasimulia watoto habari za majitu yasiyokuwako.

La pili ni mwaka wa kuchapwa. Vitabu vya zamani hueleza kwamba silikanti huishi kama miaka 20. Uchunguzi wa magamba yake uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba aweza kukaribia miaka 100, na kwamba jike hubeba mimba kama miaka mitano. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Samaki azaaye kwa taratibu namna hiyo, akivuliwa jike mmoja, pengo lake halizibiki upesi. Aliyesoma kitabu cha zamani peke yake hatauona uzito wa jambo hilo.

Kwa hiyo kila chama cha msingi chaweza kuanza kwa hatua ndogo. Katibu achapishe kurasa zinazohusu samaki wa eneo lake, azitie katika jalada lisiloingia maji, na kuliweka bandani pa kupimia samaki, si katika kabati lililofungwa. Kando yake liwepo daftari la kuandikia kila samaki mgeni: siku, mahali, kina, zana, urefu, na jina alilopewa na mvuvi. Nakala ipelekwe kwa watafiti, kama vile Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar.

Wahenga walisema elimu ni bahari. Daftari hilo likijazwa kwa uaminifu, nalo litakuwa kitabu, tena kwa Kiswahili, kwa faida ya wavuvi wajao.