Mawe Yaliyo Begani

Neno letu leo latoka Yoshua, mlango wa 4, nalo tutaanza kulisimulia kutoka Migosi, hapa Kisumu, maana huko ndiko tulikoaibishwa.

Jumapili moja baada ya ibada, sisi wazee tuliketi na vijana wa kanisa. Mzee mwenzetu alitaka kuwaonya juu ya hasira, akasema, "Kumbukeni ya Russia." Vijana wakatazamana. Jina wanalijua; ukimwambia mwenye bodaboda "Russia" hakuulizi zaidi. Ndiyo hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, ambayo siku hizi ina jina la Jaramogi Oginga Odinga. Lakini habari za kufunguliwa kwake, tarehe 25 Oktoba 1969, wengi hawakuzijua. Kenyatta na Odinga walirushiana maneno mbele ya umati, ghasia zikazuka, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. Tom Mboya alikuwa ameuawa Julai ya mwaka ule ule, na majonzi yalikuwa bado mabichi. Mzee wetu alikuwa kijana wa miaka 20. Mpaka leo akisikia king'ora cha msafara husimama kando ya barabara.

Tukaanza kunung'unika, kama ilivyo desturi yetu: vijana wa sasa hawana kumbukumbu! Mama mmoja, ambaye ujana wake ni 1987, Gor Mahia walipotwaa Kombe la Washindi la Afrika, akasema hata hilo hawalijui. (Hapo alikosea. Hilo wanalijua.)

Ndipo kijana mmoja akauliza kwa adabu, "Jaduong', nanyi mwaijua tarehe 25 Juni?"

Tukanyamaza. Tulisikia redioni habari za 2024, Mswada wa Fedha, na vijana kuingia Bungeni Nairobi. Tarehe hatukuishika. Akasema rafiki aliyesoma naye alipigwa risasi siku ile, akafa. Juni iliyofuata alikuja kanisani, akaketi karibu na dirisha, akingoja mtu aitaje siku hiyo katika maombi. Sisi tulitangaza mchango wa mabati.

Sasa, ndugu zetu, katika Yoshua watu 12 walichukua mawe begani kutoka Yordani, wakayasimamisha Gilgali, ili watoto waulize maana yake. Tumezoea kuhubiri kana kwamba baba ana mawe na mtoto ana swali tu. Lakini waliovuka siku ile walikuwa kizazi kilichokulia jangwani. Baba zao walikuwa wamekufa njiani. Wengi wao Bahari ya Shamu waliisikia kwa kusimuliwa. Yordani waliukanyaga kwa miguu yao wenyewe. Na Yoshua hakuwaambia kwamba maji ya baba zao yalikuwa makubwa zaidi. Aliyataja yote mawili pamoja, kuwa ni kazi ya Mungu mmoja.

Mzee wetu aliinuka, akaenda kuketi kando ya yule kijana, akamwuliza rafiki yake aliitwa nani. Kijana akamwambia. Kisha naye akauliza, "Na wewe, Jaduong', siku ya Russia ulikuwa na nani?"

Mzee alikaa kimya kitambo. Halafu akataja jina ambalo sisi, tulioketi naye kanisani miaka hii yote, hatukuwa tumelisikia hata mara moja.