MAJI YA PAA LETU NA HAKI YA JIRANI
(Mada iliyotolewa baada ya swala ya Ijumaa, Lingeka, Bariadi)

Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, leo tunazungumzia paa. Msidhani ni jambo dogo. Imepokewa kuwa Umar (r.a.), akiwa Khalifa, alipita siku ya Ijumaa chini ya mfereji wa paa la nyumba ya Al-Abbas, ami yake Mtume (s.a.w.), maji yakamchafulia nguo, akaamuru ung'olewe. Al-Abbas akamwambia kuwa aliyeuweka pale ni Mtume mwenyewe. Umar akamtaka apande juu ya mgongo wake aurudishe mahali pake. Kisa hiki hutajwa kwa ajili ya unyenyekevu wa Umar, na ni sawa. Lakini tuangalie pia kwamba mtawala wa dola nzima alishughulishwa na maji ya paa la nyumba moja.

Sasa tulipime paa la madrasa yetu. Lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, yaani mita za mraba 200. Mvua ya milimita moja huangusha lita moja katika kila mita ya mraba. Basi ikinyesha mvua ya milimita 30, ambayo si ya ajabu kwetu, paa hili humwaga lita 6,000, sawa na mapipa 30. Kabla hatujajenga, ardhi hii ilikunywa sehemu ya maji hayo, na majani yakapunguza mwendo wa yaliyobaki. Leo yote hushuka kwa mkupuo upande mmoja, na korongo limekwisha kufika katika kiwanja cha jirani yetu. Yeye amenyamaza kwa heshima. Kunyamaza kwake hakutuondolei dhima, kwani kanuni ya fiqhi ni kwamba madhara huondolewa.

Katika miji mikubwa, ambako ardhi yote imefunikwa kwa saruji na mapaa, watu wameamua kuipandisha bustani juu ya nyumba. Huweka tabaka lisilopitisha maji, kizuizi cha mizizi, tabaka la kupitishia maji ya ziada, kisha udongo mwepesi na mimea. Udongo hunyonya mvua na kuiachia polepole, na mimea huipoza nyumba kwa kuurudisha unyevu hewani. Huko Chicago, Marekani, paa la jengo la halmashauri ya jiji lilifanywa hivyo mwaka 2001. Mchana mmoja wa Agosti mwaka huo lilipimwa likawa na nyuzi joto 33 hadi 48 za sentigredi, ilhali paa jeusi la jengo linalopakana nalo lilifikia 76. Faida hiyo ina mpaka wake: udongo ukishashiba, mvua inayoendelea hupita kama kawaida.

Wazee wetu wa Dodoma na Singida hawangeshangaa. Tembe lao lilikuwa na paa la udongo, na msimu wa mvua majani yaliota juu yake. Ndani palikuwa na ubaridi mchana. Hata hivyo tusilisifu kupita kiasi: lilivuja, na papasi waliojificha humo waliwaletea watu homa. Waliolihama walikuwa na sababu.

Je, nasi tupande majani juu ya bati hili? Hapana. Mita moja ya mraba ya paa la namna hiyo, hata likiwa jembamba, huweza kufikia kilo 100 likiloa. Kenchi zetu hazikujengwa kwa mzigo huo, na chini yake wanaketi watoto. Lakini kazi mbili za paa lile, kuzuia joto na kuyashika maji, zinaweza kufanywa hapa chini kwa gharama ndogo.

Ndiyo maana tunaomba, kwa heshima ya wazee wa kamati, rai ya kuikata miarobaini miwili ya upande wa magharibi ili kupanua banda iangaliwe upya. Miti hiyo ndiyo inayolikinga darasa na jua la alasiri. Tangu mmoja upoteze matawi yake kwa upepo, wanafunzi wa Alasiri husogea wote kona moja, na tumewakuta wengine wamesinzia kwa joto. Banda lipanuliwe upande wa kaskazini, ambako hakuna mti.

Kuhusu maji, tumekubaliana na fundi kuweka mifereji pande zote mbili za paa. Maji yataingia kwenye tangi la udhu, na likijaa, ziada ishuke katika shimo la kokoto ndani ya mipaka yetu, mbali na msingi. Kwa kuwa udongo wa mbuga hunywa polepole, shimo liwe pana, na ukingoni tupande migomba, itakayofurahia maji hayo kuliko jirani yetu.

Tutaanza Jumamosi baada ya swala ya Alfajiri, kwa majembe na toroli. Korongo lile tutalifukia kwanza, kabla ya kugusa chochote upande wetu, na jirani yetu tumemwomba awepo atuonyeshe mpaka.

Wabillahi tawfiq.