Faktire ya mpangaji aliyehama

(Maneno yaliyosemwa mbele ya kamati za upatanisho za mitaa, Bukavu)

Tulipoanza kazi hii tulidhani tutasikiliza hasa mabishano ya mipaka ya mashamba. Lakini humu mjini, mara nyingi watu wanatuletea karatasi moja iliyokunjwa: faktire ya maji au ya umeme, ya miezi ambayo aliyeishika hakukaa pale.

Tuwaeleze habari moja. Mama mmoja aliingia katika nyumba na watoto wanne, akalipa garanti. Wiki tatu baadaye watu wa umeme walifika, wakakata waya. Deni lilikuwa la miezi saba. Parseli ile ina milango mitano na kontere moja, kwa hiyo wote walibaki gizani. Jirani mmoja, ambaye samaki wake wa kuuza waliharibika katika friji, akaanza kusema kwamba watu wa kabila lile ndivyo walivyo, wanakula na kukimbia. Mama yule alikuwa wa kabila moja na aliyehama. Usiku huo mawe yalitupwa juu ya mabati yake.

Tuliitwa kesho yake. Hatukuanza na kabila. Tuliomba faktire na madaftari ya kila mlango, tukayasoma mbele ya wote. Miezi minne ya kwanza, wapangaji walikwisha kumpa mwenye nyumba sehemu zao, naye hakuzifikisha. Mitatu ya mwisho, aliyehama ndiye aliyekusanya. Mwenye nyumba alinyamaza kwa muda mrefu.

Sheria ya mapatano ya tarehe 30 mwezi wa 7, 1888, inasema mapatano yanawafunga wale walioyafanya. Basi mpangaji mpya harithi deni la yule wa zamani. Kampuni imdai mwenye abonema, ambaye mara nyingi ni mwenye nyumba. Na sheria namba 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2015, inakataza garanti ya nyumba ya kukaa kupita miezi mitatu. Pesa hiyo iwekwe mpaka faktire ya mwisho ilipwe. Wenye nyumba wengi wanaila siku ileile wanapoipokea, tunajuana.

Lakini haki ya kwenye karatasi hairudishi umeme jioni. Kwa hiyo, kabla ya kutoa garanti, ombeni kuona faktire ya mwisho. Siku ya kuingia na siku ya kutoka, andikeni namba za kontere pamoja, mbele ya chefu wa avenyi. Pasipo kontere, faktire ni ya makadirio. Hapo andikeni mwezi uliolipwa na nani alipokea pesa.

Tena kuna walioondoka bila kuaga mwezi wa 2, 2025, wakati M23 ilipoingia Bukavu. Hao tusiwaite wezi. Walikimbia na watoto mgongoni. Wapigiwe simu kwanza. Na mzigo wao tusimtwishe aliyekuja nyuma.

Katika parseli ile, mwenye nyumba alilipa miezi yake minne. Aliyehama alipatikana kwa simu, akatuma ya miwili. Wa tatu bado tunamkumbusha, na kampuni imekubali kungoja. Umeme ulirudi siku ya tisa. Jirani wa samaki hajamwomba mama yule msamaha. Kamati inarudi kwake Jumamosi.