Jirani Aulizwe Mbele ya Saini

Maneno tuliyosema mbele ya vijana na wenyeji wa avenyu moja ya Mangobo, Kisangani



Tuanze na kisima. Nyuma ya parseli yenye tuko sasa, kuna kisima chenye kinanywesha nyumba karibu kumi, juu robine za muji tunazijua: leo maji inatoka, kesho hapana. Hatua kumi na mbili toka pale, mwezi uliopita, watu walichimba shimo kubwa. Tuliwaza ni duka. Siku waliteremusha matanki mbili ndani, njo tulijua ni stasio ya mafuta.

Tulienda ku biro kuomba kuona dosie. Walituzungusha siku tatu, kisha wakatuonyesha karatasi yenye inasema majirani wamekubali. Majina ine. Wawili ni wapangaji wenye walihama zamani. Mumoja hatumujui. Wa ine ni papa mwenye sisi wenyewe tulibeba sanduku yake ku makaburi. Eti naye alikubali!

Hatukatae stasio. Tumechoka na mafuta ya chupa ya ba-kadhafi kama nyinyi. Lakini Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, juu ya kulinda mazingira, kwa kifungu cha 24, inaomba anketi ya wazi mbele ya mradi wenye unaweza kugusa mazingira: wenyeji wajulishwe, ijulikane nani yuko na haki juu ya ile fasi, na mawazo yao yachukuliwe, hata yenye kupinga. Mbele, si nyuma. Jirani mwenye anaulizwa wakati beton imekwisha kukauka, huyo hawakumuuliza.

Mwenye anasema haya ni maneno madogo ya ukuta, avuke mto. Mu Februari 2023, ku Lubunga, Wambole na Walengola walianza kuuana juu ya udongo wenye kampuni ya kilimo ilipewa, wamoja wakilaumu wengine kuuachilia. Mamia walikufa. Maelfu walikimbia, na wengi walilala upande wetu huku, bila kitu. Hatusemi anketi moja ingezuia yote. Lakini udongo kutolewa bila wote wenye kuukalia kusikilizwa pamoja, matokeo tuliyaona kwa macho.

Na sisi tuko na kosa. Sisi wenye tulisoma sheria ku UNIKIS, leo tunauzisha unite chini ya parasoli, tulipita mbele ya lile shimo wiki tatu tukisema haituhusu.

Sasa tunaomba hivi: mbele ya komine kupokea dosie yoyote, tangazo libandikwe ku lango la parseli, kwa Kiswahili na Lingala, si Kifaransa cha ba-avoka peke yake. Majirani wa pande zote ine wapewe siku 15 za kujibu kwa maandiko. Wapangaji pia, juu wao njo wanakunywa ile maji. Na kila saini iende na namba ya karte ya uchaguzi, ili wafu wapumuzike.

Barua iko hapa ku meza. Siku ya kwanza, saa mbili ya asubui, tutaipeleka ku komine kwa miguu, bila kuchoma pneu. Mama wa kisima ametia kidole wa kwanza. Biki iko kwa huyu dada wa mbele.