Blanketi Moja

(Mazungumzo ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni)

Twawasalimu ninyi mlio nyumbani mkingoja chai, na ninyi mlio njiani kwenda kazini, na wagonjwa mlio vitandani ambao redio ndiyo kanisa lenu kwa sasa. Neno letu la leo linatoka katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mstari wa 26 na wa 27. Aliye na Biblia karibu na afungue. Asiye nayo na asikilize tu, kwa maana habari yenyewe ni fupi.

Mungu anasema na Israeli habari za mtu aliyekopa. Ukimkopesha jirani yako maskini, ukalichukua vazi lake liwe rehani, mrudishie kabla jua halijatua. Na sababu yake Mungu anaitoa mwenyewe: vazi hilo ndilo analojifunika, hana jingine, na ukikaa nalo, huyo mtu atalala na nini? Tazameni ndugu, pale Sinai kulikuwa na mambo makubwa ya kuamriwa, habari za kuua, za wizi, za sanamu, na katikati ya hayo yote Bwana akaona vema kuuliza habari za mtu mmoja na baridi ya usiku. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinalirudia neno hilohilo.

Sisi tumelisoma neno hili mara nyingi na kulipita upesi. Nani kati yetu amewahi kuchukua nguo ya mtu rehani? Hayo ni mambo ya wenye maduka ya riba, tulisema. Asubuhi hii tunataka kuwaeleza jinsi sisi wenyewe tulivyoichukua, tena kwa mkono wa kanisa.

Sisi ni walimu wa shule ya Jumapili katika Mukuru kwa Reuben, upande wa viwanda wa Nairobi. Kwa wasiopajua, ni mtaa wa nyumba za mabati, chumba kimoja kwa familia moja, na chumba chenyewe mara nyingi ni futi kumi kwa futi kumi. Ndani ya hizo futi kumi kuna kitanda, jiko, mitungi ya maji, sare za shule zimening'inia ukutani, na baba na mama na watoto. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na watu wa mitaa kama hii wamekuwa wakiyalipia bei kubwa kuliko wenye mifereji ndani ya nyumba. Reli inapita katikati ya makazi, na Mto Ngong unapita kando yake ukiwa na rangi ambayo hatutaieleza wakati watu wanakunywa chai. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru yote, yaani kwa Reuben, kwa Njenga na Viwandani, kuwa eneo la mpango maalum, na tangu hapo yako mambo yaliyotengenezwa. Tunashukuru. Lakini mahali pa mtoto kukimbia bila kuruka mtaro bado ni haba.

Kwa hiyo kila likizo ya Agosti na ya Desemba tunawapeleka watoto kambini Limuru, siku nne, usiku tatu. Jambo hili si geni duniani. Wengi wenu mmeuona mstari wa vijana wa Boys' Brigade Jumapili na ngoma zao. William Smith alianzisha chama hicho kule Glasgow mwaka 1883, na miaka mitatu tu baadaye akawapeleka vijana wake kambini, watoto wa mji wa viwanda na moshi. Na huko Marekani, mwaka 1877, mchungaji mmoja jina lake Willard Parsons, wa kanisa dogo la shamba katika Pennsylvania, aliwaomba washarika wake wawapokee watoto wa vyumba vya kupanga vya New York wakae nao siku chache wapate hewa. Hakuwa na basi wala jengo la kambi. Aliwaomba watu wafungue nyumba, nao wakafungua.

Siku ya kwanza ya kambi ni siku ya pekee, na tungependa mngaliiona. Basi haliwezi kuingia ndani ya mtaa, hivyo hungoja kwenye Barabara ya Enterprise, na watoto huja kwa miguu wakisindikizwa na mama zao, kila mtu na begi. Akina mama hutoa maagizo hata dirishani: usiogelee, usikae na fulani, ukiumwa na tumbo mwambie mwalimu. Mtoto aliyekuwa akijivuna wiki nzima huanza kulia injini inapowashwa, na yule mdogo tuliyemhofia hukaa kimya akihesabu malori. Kuanzia Uthiru wanaanza kuuliza kama tumefika. Kisha chai inaanza, kijani hadi juu ya vilima, na basi zima linanyamaza.

Usiku wa kwanza ndio mgumu. Watu hudhani watoto wa mtaa wataogopa giza, lakini kwanza wanaogopa kimya. Kwetu hakuna saa isiyo na sauti: mashine za viwanda, baa, mkesha wa maombi, gari moshi, jirani anayekohoa ng'ambo ya bati. Limuru saa nne usiku husikii ila vyura. Mvulana mmoja alimwamsha mwalimu akamwuliza watu wote wamekwenda wapi. Na baridi! Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na mwezi wa Agosti ukungu hauondoki mpaka karibu adhuhuri.

Kwa ajili ya baridi hiyo sisi tuliandika orodha. Tuliiandika kwa uangalifu mwingi, tukaipiga chapa, tukampa kila mtoto nakala ampelekee mzazi. Ilisema kila mtoto aje na shuka mbili, taulo, ndala, mswaki, tochi, sahani na kikombe, na blanketi lake. Tunataka mliangalie hilo neno la mwisho. Tuliandika “lake”.

Hiyo ilikuwa Agosti 2024. Mtakumbuka mwaka huo ulivyokuwa. Mwezi wa Aprili mvua ilipita kiasi, Mto Ngong ukaingia nyumbani kwa watu usiku. Shule zilizokuwa zifunguliwe mwisho wa Aprili zikacheleweshwa hata tarehe 13 Mei. Mei hiyohiyo matingatinga yakaja kubomoa nyumba zilizokuwa karibu na mto, kwa kuwa serikali iliamuru pasikaliwe na mtu ndani ya mita 30 kutoka ukingoni. Sisi tuliyajua hayo yote. Tulikuwa tumepika uji wa waliohamia kanisani, tumewaombea kwa majina. Na miezi mitatu baadaye tukaandika orodha kana kwamba hatukuwapo.

Watoto 42 walikuwa wameandikishwa. Asubuhi ya safari walifika 41. Aliyekosekana alikuwa binti wa miaka kumi, mwimbaji, mtoto asiyekosa Jumapili. Tulimngoja robo saa, dereva akapiga honi, tukaondoka. Ndani ya basi mmoja wetu akasema kwamba wazazi wengine hawajali, unawapa nafasi wanaitupa. Hakuna aliyempinga. Tunasema “mmoja wetu” kwa kuwa hatutaki kumtaja, lakini kweli ni kwamba sote tulikuwa tunawaza hivyohivyo.

Tulipofika Limuru na kufungua mabweni, juu ya kila kitanda palikuwa na mablanketi mawili mazito, yamefuliwa, yamekunjwa. Nyumba ile ina mablanketi ya wageni wake miaka yote. Sisi hatukuuliza. Orodha tulikuwa tumeinakili kutoka karatasi ya zamani ya safari nyingine, tukabadilisha tarehe. Watoto wakayatandika yao juu ya yale ya nyumba wakacheka, na kitanda cha arobaini na mbili kikakaa na mablanketi yake mawili usiku tatu bila mtu.

Tuliporudi, walimu wawili walikwenda nyumbani kwa yule binti. Walikwenda, tukiri, wakiwa na maneno ya kumkanya mama. Walimkuta akifua nguo za watu. Familia ilikuwa imehama kutoka ukingoni mwa mto, sasa wako chumba kingine ndani zaidi, yeye na watoto watatu. Akawakaribisha, akawapa kitanda wakalie, yeye akaketi juu ya mtungi. Ndipo akaeleza.

Maji ya Aprili yalichukua godoro moja na vitu vya kulalia vyote, likabaki blanketi moja, nalo walilala nalo watoto wote watatu. Orodha ilipokuja, yule mama aliifikiria siku mbili. Kisha akalifua lile blanketi, akalianika, akalitia katika begi la binti yake, akamwambia, “Nenda. Hawa nitawafunika kwa leso zangu.” Asubuhi ile binti akatoka peke yake, kwa maana mama alikuwa na kibarua. Akafika relini. Akaliona basi, akatuona na sisi. Kisha akageuka akarudi nyumbani, akalitoa blanketi kwenye begi, akalitandika kitandani. Mama aliporudi jioni na kumwuliza, alisema tu kwamba mdogo wake wa mwisho ana kikohozi.

Walimu hawakuwa na la kusema. Mmoja wao, badala ya kunyamaza, akamweleza yule mama habari za yale mablanketi mawili juu ya kila kitanda. Mama alitulia kidogo. Kisha akasema, “Basi, mwalimu, si mngeandika?”

Ndugu wasikilizaji, tangu siku hiyo tumekwenda tena kwenye Maandiko kutafuta jinsi Mungu anavyoita watu kambini, kwa maana yeye pia aliwaita. Someni Walawi 23. Kila mwaka, siku saba, Israeli wote walitakiwa kutoka katika nyumba zao wakae katika vibanda, mwenye jumba la mawe na mwenye kijumba, ili vizazi vyao vijue kwamba baba zao walikaa hivyo walipotoka Misri. Na orodha ya vitu ilikuwa nini? Matawi. Makuti ya mitende, matawi ya miti yenye majani mengi, mierebi ya kando ya kijito. Siku za Nehemia, sura ya 8, watu walipanda mlimani wakayakata, wakajenga juu ya madari na katika nyua. Hapakuwa na kitu cha kununua, wala kitu ambacho mtoto akikichukua ndugu yake atakikosa usiku. Sisi tuliotumia siku tatu kuandika orodha yetu tulisoma hayo kwa aibu.

Tukasoma pia habari za Hana, aliyempeleka Samweli akae Shilo. Hilo mnalijua. Lakini msiupite ule mstari wa 19 wa sura ya pili, kwamba mwaka baada ya mwaka mama yake alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Hana alijua kipimo cha mtoto wake bila kumwona, akakisia ameongezeka kiasi gani. Zamani tulihubiri habari za Hana kana kwamba yuko mbali sana. Kumbe alikuwa Mukuru, ameketi juu ya mtungi.

Wako wazee wa kanisa waliotuambia kwamba tukiondoa vitu katika orodha, watoto hawatajifunza kujitegemea, na wazazi watazoea kupewa. Tumewasikiliza kwa heshima. Hatukubaliani nao. Mtoto anayerudi kutoka relini ili mdogo wake asikohoe hana haja ya kufundishwa kujitegemea na sisi. Hata hivyo walitusaidia kwa jambo moja: walisema tusigawe mablanketi mbele ya watu Jumapili na kupiga picha. Hapo walisema kweli. Mablanketi yaliyohitajika yalipelekwa nyumba kwa nyumba, jioni, na akina mama wa kanisa, yakiwa ndani ya vikapu kama unga.

Desemba ilipokaribia tuliandika karatasi nyingine. Ilikuwa na mistari mitatu: siku, saa, na kwamba vyote vya kulalia viko huko. Walioandikishwa walizidi nafasi, na hilo nalo likatuonyesha kitu: kumbe hata ile miaka tuliyodhani watoto wamekosa hamu, wengine walikuwa wamesimama relini, hatukuwaona.

Yule binti alikuja. Alikuja wa kwanza, kabla ya dereva, na mama yake alikuwa amebadilishana zamu ya kibarua ili amsindikize. Njiani aliimba mpaka Uthiru, akauliza kama tumefika. Usiku, mwalimu alipopita na taa kuona kama watoto wamelala, alimkuta ameketi kitandani. Alidhani anaogopa vyura. Binti akamwonyesha yale mablanketi mawili.

“Mwalimu, hili lingine ni la nani?”

Mwalimu akamwambia yote mawili ni yake mpaka Jumatatu. Akafikiri, kisha akajifunika moja. La pili alilikunja vizuri akaliweka upande wa ukuta, mahali anapolala mdogo wake nyumbani.

Tuombe. Ee Bwana uliyeuliza mtu maskini atalala na nini, twakuomba kwa ajili ya watoto watakaolala ugenini kwa mara ya kwanza likizo hii, na kwa ajili ya mama zao wanaowasindikiza hadi barabarani. Uwaangalie na wale watakaobaki. Na sisi tuandikao orodha, utukumbushe kuuliza kwanza. Kwa jina la Yesu. Amina.